Jeli ya fedha ya vidonda: tyubu ya kununua Dar es Salaam, na ya kuiacha dukani

Ukisimama kwenye kaunta ya famasi, iwe jirani na Muhimbili au Kariakoo, ukaomba dawa ya kidonda cha moto, unaweza kupewa kimoja kati ya vitu vitatu: krimu nyeupe ya silva salfadiazini, jeli yenye chumvi ya fedha (madini ya silva, si pesa) iliyoyeyushwa, au jeli yenye chembe nano za fedha, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Muuzaji mwenye foleni huviita vyote "silva". Ni dawa tatu tofauti, na hasara nyingi za mnunuzi huanzia hapo kwenye kaunta.

Tunayoitathmini hapa ni hiyo ya tatu, inayouzwa kwa tyubu za gramu 15 na 30, pamoja na ndugu yake, karatasi ya haidrojeli (jeli iliyojaa maji) yenye fedha. Uamuzi tunautanguliza ili mwenye mgonjwa nyumbani asisubiri. Kwa mtu aliyeungua juu juu na ekzosti ya bodaboda, uji au mafuta ya vitumbua, na kwa kidonda kikavu kilichoanza kutoa dalili za maambukizi, jeli hii inafaa kununuliwa na kutumika kwa siku saba hadi kumi na nne. Kwa kidonda kinachovuja hadi kulowesha bandeji, usiinunue. Kwa kidonda cha mguu cha mwenye kisukari, usiinunue kabla mtu mwenye ujuzi hajauona mguu wenyewe.

Anza na lebo. Lazima itaje aina ya fedha na kiasi chake. Kwenye jeli za chembe nano kiasi huandikwa kwa ppm, yaani sehemu kwa kila milioni, na 32 ppm ni kiwango kinachopatikana kwenye baadhi ya tyubu. Maana yake ni miligramu 32 za fedha kwa kilo ya jeli, kwa hiyo tyubu nzima ya gramu 30 ina fedha karibu miligramu moja tu. Tyubu ya gramu 30 ya krimu ya silva salfadiazini ya asilimia 1 ina miligramu 300 za dawa hiyo, na kwa kuwa fedha ni karibu asilimia 30 ya uzito wake, unapata miligramu 90 hivi. Tofauti ni mara tisini, na mteja anayelinganisha namba hizo bila maelezo ataona jeli ni maji matupu.

Kinachoua bakteria ni ioni, yaani atomi zenye chaji ya umeme, zinazochomoka kwenye fedha, na ioni hutoka kwenye uso wa chembe. Kadiri chembe inavyokuwa ndogo ndivyo uso wake unavyokuwa mkubwa kwa uzito uleule. Miligramu moja ya fedha iliyogawanywa kuwa chembe za nanomita 10 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita) ina uso wa sentimita za mraba zipatazo 570, karibu na ukurasa wa A4. Ioni zikishatoka hushika salfa iliyo kwenye protini za bakteria, hutoboa utando wake na huvuruga DNA yake. Kwa kuwa zinashambulia sehemu nyingi kwa pamoja, bakteria hupata shida kujenga usugu, ingawa usugu upo: bakteria wa Salmonella wenye usugu dhidi ya fedha waliripotiwa mwaka 1975 kwenye wodi ya majeraha ya moto ya hospitali moja ya Marekani. Hiyo ndiyo sababu hatukubali jeli hii ipakwe kwenye kila mchubuko.

Jeli yenyewe inastahili sifa zaidi ya inazopewa. Haidrojeli ni wavu wa polima, yaani molekuli ndefu kama nyuzi, ulioshika maji, na mara nyingi maji ndiyo sehemu kubwa kabisa ya uzito wake. Polima inaweza kuwa kaboksimethili selulosi, kaboma, PVA, au alginati inayotoka kwenye mwani wa kahawia. (Mwani unaolimwa Zanzibar ni mwekundu; huo hutoa karajinani, ambayo nayo hutengenezewa jeli.) Wavu huo unafanya kazi mbili. Kwanza unazitenganisha chembe za fedha, kwa sababu zikigusana hushikamana kuwa madonge na uso wake hupungua. Pili unatoa maji kwa kidonda kikavu, na tishu iliyokufa inalainika na kubanduka yenyewe bila kukwanguliwa. Kwa maoni yetu, kwenye kidonda kisafi cha kuungua hiyo kazi ya pili ndiyo unayoilipia hasa, na jeli ileile isiyo na fedha ingetosha.

Sasa suala la chumvi, ambalo huharibu dresingi (vifuniko vya kidonda) nyingi bila mtu kujua. Ioni ya fedha ikikutana na kloraidi, iliyomo kwenye chumvi ya kawaida, hugeuka kloraidi ya fedha, unga mweupe ambao karibu hauyeyuki kabisa na huwa mweusi kwenye mwanga. Maji ya chumvi ya hospitali, ya asilimia 0.9, yana kloraidi milimoli 154 kwa lita (milimoli ni kipimo cha idadi ya chembe za kemikali). Fedha kwenye jeli ya 32 ppm ni milimoli 0.3 tu kwa kilo. Kloraidi inazidi kwa mara mia tano. Hata majimaji ya kidonda yana kloraidi nyingi, kwa hiyo huwezi kuikwepa yote, na chembe nano zina faida hapa kwa kuwa ni akiba inayoendelea kutoa ioni mpya taratibu. Lakini ukiacha dimbwi la maji ya chumvi kwenye kidonda kisha ukapaka jeli juu yake, unaimaliza akiba hiyo mapema. Osha kwa maji ya chumvi ukipenda, kisha kausha kwa kubonyeza gozi (shashi ya hospitali) kavu safi, ndipo upake. Au osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa na uondokane na tatizo hilo.

Povidoni-ayodini, ile dawa ya kahawia, inaleta tatizo la aina hiyohiyo kwa njia ya ayodaidi, ambayo nayo hushika ioni za fedha. Usiitumie pamoja na jeli ya fedha kwenye dresingi moja. Chagua moja. Mtaani pia kuna mazoea ya kufungua kapsuli za antibayotiki na kumwagia unga kwenye kidonda. Unga huo hufyonza maji ya jeli, hutengeneza ukoko, hauna kipimo, na hufundisha bakteria usugu. Tunakataza kabisa.

Namna ya kupaka. Nawa mikono, vaa glavu. Chukua bomba la sindano la mililita 20 bila sindano, suuza kidonda mara tatu hadi tano mpaka jeli ya zamani na vipande vilegevu vitoke. Kausha ngozi ya pembeni. Paka mzunguko mwembamba wa vaselini au krimu ya zinki kwenye ngozi isiyo na jeraha inayozunguka kidonda, upana wa sentimita moja hivi, bila kuingiza ndani. Kama tyubu ilishafunguliwa, kamua sentimita moja ya kwanza na uitupe. Kisha kamulia jeli kwenye gozi safi au kijiti safi, kamwe mdomo wa tyubu usiguse kidonda, utandaze unene wa milimita 3 hadi 5. Tabaka jembamba kama la losheni halifanyi chochote. Hukauka ndani ya saa chache. Funika kwa gozi isiyonata au kwa plasta angavu ya filamu, kisha bandeji isiyobana.

Katika siku ya kubadilisha, utakuta uji wa rangi ya kijivu au njano hafifu. Wengi huogopa na kudhani ni usaha. Suuza kwanza, kisha utazame. Jeli iliyotumika hutoka na maji na kuacha kidonda chekundu, au chenye utando wa njano ulioshikilia chini. Usaha una harufu, huendelea kutoka baada ya kuosha, na huja pamoja na maumivu yanayoongezeka, joto na wekundu unaosambaa. Ngozi ya pembeni kupata rangi ya kijivu ni doa la fedha, na mara nyingi hufifia baadaye. Ngozi ya pembeni kuwa nyeupe, laini na yenye makunyanzi kama vidole vilivyofua nguo asubuhi nzima ni tatizo la kweli: maji yamezidi. Punguza jeli, badilisha dresingi mapema, na kama hali haibadiliki achana na jeli uhamie kwenye dresingi ya kunyonya, kwa mfano ya alginati.

Kuhusu gharama, usitazame bei ya tyubu. Kokotoa bei ya siku kumi na nne. Jeraha la ekzosti kwenye shavu la mguu lenye sentimita 5 kwa 5, likipakwa unene wa milimita 3, linakula mililita 7.5, ambazo ni kama gramu 7.5 za jeli. Tyubu ya gramu 15 inatosha mara mbili tu. Ukifunika kwa gozi ya kawaida ya pamba, gozi hunyonya jeli, na joto la Dar na feni ya usiku vinamalizia. Utalazimika kubadilisha kila siku. Hizo ni gramu 105, yaani tyubu nne za gramu 30. Ukifunika kwa filamu angavu na kubadilisha kila siku ya tatu, ni mara tano, gramu 37.5, tyubu mbili. Filamu inaonekana ghali kwenye kaunta lakini inaokoa tyubu mbili, na mgonjwa anaepushwa na maumivu ya kufunguliwa kidonda kila siku. Sharti moja: filamu haifuniki kidonda chenye dalili za maambukizi. Hicho kifunikwe kwa gozi isiyonata na kitazamwe kila siku, na gharama hiyo ukubaliane nayo.

Karatasi ya haidrojeli ni nzuri zaidi kwa jeraha lililo bapa. Inapoza, haitiririki kwa jasho, na unaweza kuinyanyua pembeni ukachungulia. Ikate ipite kingo za kidonda kwa sentimita 2 kila upande na usisahau kutoa nailoni ya kinga upande unaogusa kidonda. Kuna wanaoibandika nayo na kushangaa haifanyi kazi. Kwenye kiwiko, goti au kidonda chenye shimo haikai. Hapo tumia tyubu.

Ikilinganishwa na krimu nyeupe, jeli inashinda kwa sehemu kubwa. Krimu ya silva salfadiazini imetumika tangu mwaka 1968 na imeokoa watu wengi, lakini hutengeneza utando wa kijivu-njano unaoficha kidonda, inabadilishwa kila siku, na mapitio ya tafiti ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, ya mwaka 2013 yalionyesha kwamba majeraha ya moto ya juu juu hupona polepole zaidi kwa krimu hiyo kuliko kwa dresingi kadhaa za kisasa. Ina dawa ya kundi la salfa pia: haifai kwa mwenye mzio wa dawa za salfa, kwa mjamzito anayekaribia kujifungua, wala kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, na mwenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda seli nyekundu) anaweza kuvunjikiwa na seli nyekundu za damu. Jeli ya chembe nano haina tatizo la salfa. Hilo pekee linatosha kuipendelea. Kwa mtoto mchanga, hata hivyo, hata jeli isipakwe bila daktari, kwa sababu ngozi yake hupitisha vitu vingi zaidi.

Watu huuliza kuhusu asali. Asali ya tiba, iliyosafishwa kwa mionzi ya gama, ina ushahidi mzuri kwenye majeraha ya moto ya juu juu. Asali ya Tabora iliyo kabatini ni nzuri kwa chai. Kwenye kidonda inaweza kuingiza vijimbegu vya bakteria ambavyo havifi ndani yake.

Mahali ambapo jeli ya fedha inatumika vibaya zaidi ni kwenye vidonda sugu. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2009, wenye wagonjwa 213 wa vidonda vya miguu vinavyotokana na mishipa ya vena (inayorudisha damu moyoni), haukuona tofauti ya kupona katika wiki 12 kati ya dresingi zenye fedha na zisizo na fedha. Kundi la kimataifa la IWGDF linaloandika miongozo ya mguu wa kisukari linasema wazi kuwa dresingi za kuua vijidudu zisitumike kwa lengo la kuharakisha kupona tu. Sababu yake inaeleweka: kidonda cha unyayo wa mwenye kisukari hakiponi kwa kuwa kinakanyagwa kila hatua, damu haifiki vizuri, au mfupa umeshaoza chini, na jeli haigusi hata moja kati ya hayo. Mgonjwa kama huyo anahitaji kupunguziwa mzigo kwenye mguu, kupimwa mapigo ya damu na kuondolewa tishu iliyokufa. Kliniki ya kisukari ya Muhimbili, au hospitali za rufaa za Amana, Temeke na Mwananyamala, ndiko pa kuanzia. Kila wiki anayojitibu kwa tyubu nyumbani ni wiki ya kukaribia kukatwa mguu, na hilo linatuumiza kila linapotokea kwa sababu linazuilika.

Hata kwenye kidonda kinachofaa, weka ukomo. Makubaliano ya kimataifa ya wataalamu wa vidonda ya mwaka 2012 yalipendekeza wiki mbili za majaribio. Pima urefu na upana kwa rula siku ya kwanza, ya saba na ya kumi na nne. Dalili za maambukizi zikiisha, acha fedha uendelee na dresingi ya kawaida, kwani ioni zilezile zinazoua bakteria hupunguza kasi ya seli changa za ngozi. Hakuna mabadiliko siku ya kumi na nne? Tyubu ya tatu haitaleta.

Aliyeungua usoni, mikononi, sehemu za siri, kwenye viungo au kuzunguka mguu mzima, na mtoto aliyeungua zaidi ya asilimia 10 ya mwili, hapakwi chochote nyumbani. Maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, kanga safi ya kufunikia, na hospitali. Dawa ya meno na yai viache jikoni. Jeli ya fedha hupakwa baada ya kupoza, si badala yake. Anayekwenda kupigwa picha ya MRI amwambie mtaalamu kuwa ana dresingi ya fedha, itolewe kwanza.

Juu ya maboksi mengine utasoma kuwa ni "mfumo wa kupeleka dawa". Kisayansi wazo hilo ni zuri. Ngozi isiyo na jeraha ina pH (kipimo cha uchachu) ya kati ya 4 na 6, kidonda sugu mara nyingi hupanda juu ya 7, na watafiti wanatengeneza haidrojeli zinazovimba pH ikipanda, zikaachia antibayotiki au dawa ya ganzi pamoja na fedha hapohapo panapohitajika. Kazi kubwa ya kiufundi ni kuzuia dawa yote isimwagike saa za mwanzo. Mengi ya hayo bado yako maabara. Kwenye tyubu ya kawaida, fedha yenyewe ndiyo dawa, na inaishia kwenye kidonda. Haikusudiwi kuingia kwenye damu. Boksi likidai zaidi ya hapo, uliza dawa ya pili ni ipi na ni miligramu ngapi. Kama haijaandikwa, haimo.

Kutengeneza mwenyewe kusijaribiwe. Ni kweli kwamba majani ya mwarobaini yanaweza kugeuza naitreti ya fedha, chumvi ya fedha inayoyeyuka, kuwa chembe nano, jambo lililochapishwa mwaka 2004, lakini mchanganyiko wa nyumbani hubaki na naitreti isiyopimwa inayounguza ngozi, na hauna usafi wa kuingia kwenye kidonda. Maji ya fedha ya kunywa nayo yasinunuliwe. Mamlaka ya Marekani ya chakula na dawa iliamua mwaka 1999 kwamba dawa za kununua bila cheti zenye fedha ya koloidi hazitambuliwi kuwa salama wala zenye kufanya kazi, na fedha inayojikusanya mwilini hugeuza ngozi kuwa ya kijivu kwa kudumu.

Kabla ya kulipa, hakikisha bidhaa imesajiliwa na TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), ina namba ya toleo na tarehe ya mwisho, na foili ya mdomo haijatobolewa. Soma joto la kuhifadhi, kisha tazama tyubu imekaa wapi. Januari hadi Machi joto la mchana Dar hufika nyuzi 32, na tyubu iliyoandikwa isizidi nyuzi 25 haiwezi kukaa kwenye kioo cha mbele kinachopigwa na jua la saa tisa. Chagua duka lenye kiyoyozi kinachofanya kazi. Ukifika nyumbani, kamua kidogo kwenye kipande cha gozi: jeli nzuri ya chembe nano ni angavu au ya njano hafifu, laini, isiyo na punje. Ikiwa imegeuka kijivu, kahawia iliyokoza, au maji yamejitenga na jeli, chembe zimeshikamana au wavu umevunjika, irudishe na risiti. Iliyo nzuri iandike tarehe ya kufungua kwa kalamu ya wino mzito, funga kizibo, iweke kabatini penye giza mbali na jiko, isigandishwe kwenye friza, na ikae kwa muda tu uliotajwa na lebo baada ya kufunguliwa. Tyubu moja ni ya mgonjwa mmoja. Inayobaki haipelekwi kwa jirani.